Nukta na Tarakimu za Mwisho

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama juu ya kiti, pekupeku, akigonga ukuta kwa vifundo vya vidole kama mtu anayebisha hodi kwa jirani mkorofi. Mimi nilikuwa nimeitwa pale studio kupima kuta, nizivalishe mbao na sponji na kitambaa. Nikasimama mlangoni, futi mkononi, nikingoja anione. Hakuniona. Aligonga, akashuka, akasogeza kiti, akapanda, akagonga tena. Ilinijia kumwambia, "Dada, mlango uko huku," ila ilinijia jioni nikiwa nimeshafika nyumbani. Mizaha yangu yote ndivyo ilivyo. Hunifuata kwa miguu.

"Ingia basi, fundi," akasema bila kugeuka. "Umesimama hapo muda wote unapumua kama feni mbovu. Sikiliza hapa." Akagonga. "Na hapa?"

"Hapo kwanza pana uwazi," nikasema. "Hapa pameshiba."

Akageuka akanitazama. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja, penseli imechomekwa kwenye nywele. "Pameshiba," akarudia. "Nimekuwa nikilitafuta hilo neno." Akashuka, akavaa viatu vyake, akarudi kwenye kompyuta yake kana kwamba sikuwepo.

Wote pale walimwita Nukta. Dada wa mapokezi ndiye aliyenieleza sababu. Siku moja Bosi, mwenye studio, alimwambia ashushe sauti ya ngoma "kama tatu hivi", naye akauliza, "Tatu nukta ngapi?" Bosi akacheka mpaka akakohoa, na tangu hapo jina likamganda. Yeye mwenyewe hakulichukia. Alisema ni jina fupi, na mtu akiliita haongezi kitu.

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Vyumba viwili, kati yake kioo kinene, na ngazi ya chuma iliyolia kila mtu akipanda, hivyo kabla ya kurekodi ilibidi dada wa mapokezi akae ngazi ya chini kabisa awazuie wageni. Kazi ya Nukta ilikuwa kuchanganya sauti. Gitaa huku, mwimbaji kule, kinanda pale, kila kimoja kimerekodiwa peke yake, yeye anavipandisha na kuvishusha mpaka viwe wimbo. Hiyo ndiyo iliyomlisha. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa kwenye ghala nyuma ya jengo: kanda mia nne na kumi na mbili za kituo kimoja cha redio kilichofungwa zamani. Nyimbo, michezo ya kuigiza, walimu wakisoma hadithi, watu wakiwatumia salamu jamaa zao wagonjwa. Bosi alikuwa amepewa kandarasi ya kuzihamishia kwenye kompyuta. Kanda zenyewe zilikuwa zimechakaa. Ukizizungusha mara moja, unga wa kahawia unabaki kwenye mashine, na mara ya pili hazichezi tena. Kwa hiyo kila kanda ilikuwa na nafasi moja tu, na baada ya hapo zingetupwa.

Siku ya nne nilikuwa napiga misumari chumba cha pili, akaniita. Nadhani hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

"Fundi, wewe unajua sauti ndani ya kompyuta ni nini?"

"Sijui, dada."

"Ni namba. Namba elfu arobaini na nne na zaidi kwa sekunde moja. Nikishusha sauti, kompyuta inazigawanya zote. Nikipandisha, inazizidisha. Sasa chukua saba. Ishushe nusu."

"Tatu na nusu."

"Programu za zamani hazijui nusu. Zinaandika tatu. Baadaye ukiipandisha mara mbili unapata ngapi?"

"Sita."

"Moja imekwenda wapi?"

Nikatazama sakafu kana kwamba imeangukia pale.

"Kwenye sauti kubwa si neno," akasema. "Elfu ishirini ikipungua moja, nani atajua? Lakini mtu anapomaliza neno, pumzi inapokwisha, sauti nzima imebaki tano, nne, mbili. Ukichukua moja hapo umechukua nusu ya mtu. Na haifanyiki mara moja. Unasafisha, inakata. Unashusha, inakata. Unapandisha, inakata. Kila hatua inaanza na makosa ya hatua iliyopita."

Sikukusudia kusema kitu. Midomo ndiyo iliyosema. "Kama kukata vipande kwa kufuatisha."

"Vipi?"

"Kipande cha kwanza unakipima kwa futi. Cha pili ukiona uvivu kupima unakilaza juu ya cha kwanza, unapiga mstari. Cha tatu juu ya cha pili. Kila mara unene wa penseli unaongezeka. Kimoja kimoja huoni kitu. Ukifika cha kumi, mlango haufungi."

Akapiga meza kwa kiganja. "Miaka kumi na saba nimekaa na wasomi wa mambo haya, hakuna aliyenielewa hivi! Wewe ulisoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Basi wenzako walipitiliza kituo."

Programu aliyoitumia yeye ilibeba tarakimu nyingi baada ya nukta, hatua zote, bila kukata, ikakata mara moja tu mwisho kabisa. Na hata hapo mwisho, kabla ya kukata, alinyunyizia kelele kidogo sana, nyembamba kama vumbi, ili tarakimu zisianguke upande mmoja daima. Nilimwuliza inakuwaje mtu asafishe kisha achafue. Akaniuliza mimi nikiwa na ufa kwenye kiungo hufanya nini. Nikasema hupaka gundi na vumbi la msumeno. "Haya," akasema, akaendelea na kazi.

Kazi yangu pale ilikuwa ya wiki mbili. Niliifanya wiki saba. Nilipiga msasa mbao ambazo zingefunikwa na kitambaa, hakuna jicho litakaloziona mpaka jengo lianguke. Bosi alidhani mimi ni mwangalifu. Nukta hakudhani hivyo. Mchana tulikaa juu ya ngazi tukila, kila mmoja na chombo chake, halafu alinivalisha vile vya kusikilizia masikioni na kunifundisha kusikia mwisho wa sauti. Siyo wimbo, mwisho wake tu. Mara ya kwanza sikusikia lolote. Ya pili vilevile. Wiki ya tatu nikasikia: sauti iliyokatwakatwa, ikikaribia kuisha, haiishi kama pumzi. Inamomonyoka. Kuna mchanga ndani yake, kisha inakatika ghafla.

"Mchanga," nikamwambia.

Akanishika bega, akalitikisa. Nilishuka ngazi siku hiyo sikusikia hata zikilia.

Naishi na dada yangu mkubwa, mjane, na yeye hakuna kinachompita. "Unapiga mluzi," akaniambia. "Miaka mingapi hujapiga mluzi humu ndani? Nani huyo?" Nilipomweleza akashika kiuno. "Wewe! Wewe uliyepotea njia kwa kuogopa kumuuliza mwenye duka! Umeongea na mwanamke wa mashine?"

"Yeye ndiye anayeongea."

"Afadhali. Angekungoja wewe, mngezeeka mkitazamana."

Nilimwambia Nukta haja yangu kwa njia niliyoiweza. Nilisema nina mbao nzuri nimeziweka miaka sita zikauke, na kwamba naweza kutengeneza kabati la watu wawili.

"Kabati la watu wawili ndilo likoje?" akauliza. "Tutakuwa tunaishi ndani yake?"

Uso ulinichoma. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akavua miwani. "Nimalize kanda, fundi. Nikiwa na hizi kanda kichwani siwezi kuwa mke wa mtu, nitakuwa nakuita kwa namba. Zikiisha, nipeleke nikamwone dada yako."

Dada yangu alipaka rangi mlango wa mbele wiki hiyohiyo. Majirani wakauliza kuna nini. Akawaambia mlango ulikuwa mchafu.

Katika miezi saba Nukta alikuwa amehamisha kanda sitini na moja. Kompyuta zilikuwa kuukuu, na tarakimu zile ndefu zilizielemea. Wimbo mmoja ulichukua nusu ya asubuhi. Ndipo mwenye jengo akalitaka ghala lake ifikapo mwisho wa mwezi. Bosi hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikuwa mtu aliyebanwa. Akampata muuzaji mmoja wa programu, kijana wa tai na viatu vinavyong'aa, aliyeahidi kanda arobaini kwa siku. Programu yake ilisafisha, ikashusha, ikasawazisha, ikapandisha, yote kanda ikiwa inazunguka, na mwisho ikahifadhi matokeo tu, si sauti ya awali.

"Inakata kila hatua," Nukta akasema. "Nimeijaribu."

"Kidogo," muuzaji akasema.

Ukaitwa mkutano. Bosi, muuzaji, na wageni wawili wa upande wa wenye kanda. Mimi nilikuwa chumba cha pili nafunga bawaba, na mlango ukiwa wazi nilisikia yote. Nukta aliwaeleza jaribio alilofanya. Alichukua kanda moja aliyokwisha kuihamishia kwenye kompyuta, mwanamke akisoma hadithi, akaipitisha njia zote mbili, hatua zilezile. Kisha akageuza namba za moja juu chini, ya kujumlisha ikawa ya kutoa, na kuzicheza pamoja. Zingekuwa sawa kabisa, zingefutana, ungebaki ukimya. Kilichobaki ndicho kilichopotea. Akawachezea. Ilitoka sauti kama mtu anakwangua sufuria nyumba ya pili.

"Umeipandisha mara ngapi hiyo?" muuzaji akauliza.

"Mara mia mbili."

"Mara mia mbili! Mama, hata chawa ukimkuza mara mia mbili utamfunga kamba umpeleke malishoni."

Wageni wakacheka. Bosi naye. Nukta akangoja wamalize. "Nimeikuza muione. Lakini inasikika bila kukuzwa. Ukisikiliza mwisho wa maneno, inasikika."

"Wewe unasikia," Bosi akasema. "Wewe ni Nukta. Mtu wa kawaida je?" Akageuza shingo kwenye mlango. "Fundi! Hebu njoo utuazime sikio."

Nikaingia na bisibisi mkononi. Nilimwona Nukta usoni, na sijapata kuona uso kama ule. Alikuwa amefurahi. Wao hawakujua. Walidhani wameokota sikio lolote barabarani.

"Yeye?" akasema. "Sawa. Nakubali. Atakachosema fundi, mimi nitafuata."

"Mbele ya mashahidi," Bosi akasema.

"Mbele ya mashahidi."

Wakanikalisha kwenye kiti cha Nukta, wakanivalisha vile vya masikioni. Watu wanne wamenizunguka na yeye wa tano. Sijawahi kukalia kiti huku watu wamesimama. Mwanamke yule wa zamani akasoma sentensi moja, mwisho wake "na mtoto akalala". Mara ya kwanza lile neno la mwisho liliondoka taratibu, kama mlango unaojifunga wenyewe. Mara ya pili lilifika katikati likaanza kumomonyoka. Mchanga. Mchanga mtupu, kisha likakatika. Nilisikia kama ninavyosikia msumeno ukikuta msumari ndani ya ubao.

Nikavua. Mgeni mmoja, mzee mwenye sauti ya upole, akaniuliza, "Fundi, wewe ulisoma mpaka wapi?" Nadhani alitaka tu kunituliza.

"La saba."

"Safi," muuzaji akasema. "Huyo ndiye msikilizaji wetu. Usiwe na wasiwasi, kaka. Sema tu ukweli. Watu wengine hudai wamesikia tofauti kwa kuogopa kuonekana hawajui."

Hapo ndipo nilipokwama. Niliona nikisema nimesikia, watacheka: seremala naye anajifanya mtaalamu. Wataniuliza tofauti gani, nami itabidi niseme mchanga, mbele ya tai na viatu vile. Jasho lilinitoka mpaka bisibisi ikateleza. Maneno yalikuwepo. Yalikuwa yamejipanga kabisa, "ya pili ina mchanga mwishoni," maneno matano tu.

"Naona ziko sawa," nikasema.

"Unaona au unasikia?" Bosi akauliza, na kicheko kikapasuka.

"Ziko sawa tu."

Nukta alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, upande mmoja, halafu upande wa pili. "Sawa," akasema. "Nilisema nitafuata." Akaketi mezani akaanza kumwonyesha muuzaji waya zinapochomekwa.

Nilirudi kwenye bawaba. Skrubu nne zilinichukua mpaka saa kumi.

Nyumbani sikuweza kula. Dada alinibana mpaka nikasema.

"Kwa nini hukusema ulichosikia?"

"Walikuwa wanne, dada."

"Wanne! Na siku utakayoitwa na jeshi?" Aliinua mkono aendelee, akaniona nilivyo, akaushusha. Akaondoa sahani yangu. Tangu siku hiyo hakunitania tena juu ya Nukta, na hilo liliniumiza kuliko matani.

Kwa siku tatu nilijitengenezea hotuba. Siku ya nne nikapanda zile ngazi, nikaenda moja kwa moja kwa Bosi. Nilimwambia nilisikia tofauti, na kwamba siku ile niliogopa.

"Leo ndiyo unasema, fundi? Wageni wameshasaini. Kanda mia na hamsini zimeshapita." Akasugua macho. "Na nikiwapigia simu niwaambie nini? Kwamba sikio la Jumatatu limebadilika Ijumaa?"

"Waambie mimi ni mwongo."

"Nikiwaambia wewe ni mwongo, watauliza ulidanganya lini."

Nilipotoka, Nukta alikuwa nyuma ya kioo, anabadilisha kanda, mgongo umenielekea. Programu mpya haikuhitaji mtu wa kusikiliza. Ilihitaji mtu wa kutoa kanda na kuweka nyingine. Niligonga kioo kwa ukucha, kidogo. Kile kioo nilikizungushia sponji mimi mwenyewe, na nilikizungushia vizuri. Hakuna kilichopita.

Kanda mia tatu hamsini na moja ziliisha kwa siku tisa. Siku ya kumi dada wa mapokezi alinipigia simu, akaniambia Nukta ameacha kazi, amekuja kuchukua vitu vyake, na kama nina la kumwambia nisitembee, nikimbie.

Nilikimbia. Uani kulikuwa na lori limefunguliwa nyuma, vibarua wawili wanarusha kanda ndani kwa mafungu kama matofali. Nyingine zilifunguka hewani zikaacha utepe mrefu wa kahawia. Nukta alikuwa amesimama kando na boksi moja mikononi. Hakuwa akilia. Alikuwa akizitazama tu zikirushwa, na midomo yake ilikuwa ikitikisika kidogo. Nilipokaribia nikagundua anazihesabu.

Nilingoja mpaka fungu likaisha. "Nilisikia," nikamwambia. "Ya pili ilikuwa na mchanga. Nilisikia tangu mara ya kwanza."

"Najua. Nilikuwa nakutazama. Uliposikia ulifumba jicho moja."

"Nilikwenda kwa Bosi nikamwambia."

"Aliniambia. Alikusikitikia." Akabadilisha boksi mkono. Nilitaka kumpokea, mikono yangu ikabaki ilipokuwa.

"Nisamehe, Nukta."

"Nimekusamehe, fundi. Si hilo." Alisema polepole, kama alivyonieleza zile namba siku ya nne. "Ungekuwa hukusikia, leo ningekuwa kwa dada yako nakunywa chai. Kweli kabisa. Wanaume wasiosikia wamejaa, na wana wake zao, na wanaishi. Ningekufundisha tena mwaka mzima. Lakini wewe ulisikia, na nilikuwa nimekaa pale pembeni yako, na ulijua mimi nimeweka nini juu ya neno lako."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na la kusema, naapa, safari hii lilikuwa limefika kwa wakati. Dereva akapiga honi, injini ikanguruma, akaanza kuling'oa lori pale ukutani. Nukta akanishika mkono wa shati, akanivuta pembeni kwa nguvu.

"Sogea, fundi. Gari linarudi nyuma."